Kigari cha umeme kisichodai leseni: nilichochagua Marseille, na kwa nini

Kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani kwao. Nawaamsha, nawaogesha, nawapikia, nawakumbusha dawa, halafu naondoka kwenda kwa mwingine. Mzee wa kwanza naingia kwake saa moja kasorobo asubuhi. Wa mwisho namlaza saa mbili usiku. Katikati kuna mapengo ya saa nzima au zaidi ambayo halipwi mtu, na kwa miaka 6 mapengo hayo niliyamalizia kwenye vituo vya basi vya mtaa wa 13 wa Marseille, na mkoba wangu wa glavu na viatu vya ndani mapajani. Jumapili basi likinipita, mama mmoja wa miaka 91 alikuwa akibaki kitandani na nguo iliyolowa mpaka nifike. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani kwenda kutafuta gari, si uchovu wangu. Mwishowe nilinunua Citroën Ami, kigari kidogo cha umeme cha watu wawili.

Leseni ya Tanzania nilikuja nayo. Ufaransa inaitambua leseni ya nje kwa mwaka mmoja tangu uanze kuishi hapa kihalali. Baada ya hapo lazima uwe umeomba kubadilishiwa, na kubadilishiwa kwenyewe kunategemea kama nchi yako ina makubaliano na Ufaransa. Mwaka huo ulinipita nikiwa na mtoto mchanga. Kuanza upya maana yake ni shule ya udereva, mtihani wa sheria za barabarani kwa Kifaransa na saa 20 za lazima za kuendesha kabla hujaruhusiwa kutahiniwa. Saa hizo 20, kwa ratiba yangu, nisingezipata kabla ya mwaka kwisha, na fedha zake ni nusu ya bei ya kigari nilichokuja kukinunua.

Shemeji yangu ndiye aliyenifumbua macho. "Wewe si umezaliwa 84? Basi huhitaji leseni."

Kweli. Sheria ya hapa inasema aliyezaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 1988 anaweza kuendesha kile Wafaransa wanachokiita voiturette bila cheti chochote. Aliyezaliwa kuanzia tarehe hiyo anatakiwa awe na cheti cha AM, mafunzo ya saa 8, na anaweza kukipata tangu akiwa na miaka 14. Mwenye leseni ya gari ya kawaida haulizwi kitu. Mimi nilitoka Tanga, ambako hata dereva wa bajaji hutakiwa leseni, kwa hiyo nilimwomba shemeji anionyeshe kwenye tovuti ya serikali kabla sijaamini. Akanionyesha. Ila ruhusa hii ni ya Ufaransa. Nikivuka kwenda Italia au Hispania hainifuati, na huko inahitajika leseni.

Sasa, kabla ya kuzungumzia aina za magari, kuna jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka sana, nami nataka nilisimamie. Vigari vyote vya daraja hili, cha euro 5,000 na cha euro 18,000, vinafungwa kwenye kilomita 45 kwa saa. Ndiyo sheria ya Ulaya: mwendo usizidi 45, nguvu ya injini isizidi kilowati 6, uzito usizidi kilo 425 bila kuhesabu betri, watu wawili basi. Barabara kuu za magari ni marufuku. Kwa hiyo ukilipa zaidi hununui mwendo. Unanunua kiyoyozi, buti, ukimya ndani, milango iliyofunga vizuri, betri kubwa. Hivyo ni vitu vya maana kwa mtu anayevihitaji. Lakini mtu asije akakwambia cha bei ghali "kinakimbia". Hakuna kinachokimbia.

Nilipolielewa hilo, nikaacha kuangalia picha za magari, nikachukua daftari. Kwa wiki mbili niliandika kila safari: nyumbani La Rose hadi Château-Gombert, kutoka hapo Plan-de-Cuques, kurudi Saint-Jérôme, jioni Les Olives. Jumla ilikuja kilomita 28 kwa siku yenye kazi nyingi. Siku ambayo nina mzee wa Allauch juu mlimani, ilifika 36. Nikaandika pia ni wapi lazima nipite L2, ile barabara ya mzunguko ambayo kwa karatasi ni A507, barabara kuu kamili, isiyoruhusu kigari changu. Safari mbili zilikuwa zinapita huko nikipewa lifti na mwenzangu. Nilizitafutia njia ya mitaani na kuzipima kwa simu: dakika 9 zaidi kwa moja, dakika 4 kwa nyingine. Daftari hilo ndilo lililochagua gari. Mimi nilifuata tu.

Nilivitazama vingi. Nitavisema kwa kifupi vile ambavyo sikuvichukua, kwa sababu huenda kimoja kikamfaa mwingine.

Aixam ni jina ambalo kila Mfaransa analijua, ni kampuni ya Aix-les-Bains, kule Savoie, iliyojenga jina kwa vigari vya dizeli na sasa ina vya umeme. Ligier nayo ni ya Kifaransa, ilianzishwa na Guy Ligier aliyekuwa dereva wa Formula 1. Kigari chao kimoja cha umeme kinaitwa Myli na kinauzwa kwa ukubwa tofauti wa betri, na kile chenye betri kubwa kinatangazwa kufika kilomita 192. Hivi vinafanana na gari kabisa: vioo vinashuka, kuna buti ya kuingia mifuko ya soko la wiki nzima, na ukitaka kiyoyozi utapata. Nilikaa ndani ya Myli nikaona raha. Halafu nikaangalia bei, ambayo kwa vigari vya namna hii huanzia juu ya euro 10,000 na kwenda zaidi ya 15,000 kadiri unavyoongeza, nikakumbuka daftari langu. Kilomita 28. Ningekuwa nalipia kilomita 150 ambazo zingelala gereji kila usiku. Mtu anayeishi kijijini, kilomita 25 kutoka mjini, asinisikilize mimi. Huyo achukue betri kubwa na ajinyime kingine.

Renault Twizy nilikuta vingi vilivyotumika. Hicho kilitoka 2012, watu wawili wanakaa mmoja nyuma ya mwingine kama kwenye pikipiki. Toleo la 45 halihitaji leseni, lile lenye nguvu zaidi linahitaji, kwa hiyo soma kadi ya gari kwa makini kabla hujatoa fedha. Tena vingi viliuzwa bila betri, betri ikiwa ya kukodi kwa mwezi. Ukinunua mkononi mwa mtu, uliza mkataba wa betri uko kwa nani. Mimi kilichonikatisha ni kule kukaa nyuma: mzee wa miaka 80 hawezi kupinda mgongo kuingia pale.

Fiat Topolino, ah, huyo ni mrembo. Jina lake ni "kipanya" kwa Kiitaliano na ni la Fiat moja ndogo ya miaka ya 1930. Binti yangu alisimama mbele yake akakataa kuondoka. Lipo hata toleo lisilo na milango kabisa, lina kamba tu pembeni, la kwenda nalo ufukweni. Lakini chini ya ile sura ni kitu kilekile na Citroën Ami: betri ileile, injini ileile, kiwanda kilekile cha Kénitra, Morocco. Topolino mpya hapa inakaribia euro 10,000, Ami mpya inakaribia 8,000. Tofauti hiyo ni ya uzuri. Sisemi uzuri hauna thamani, ila mshahara wangu unajulikana.

Basi nikabaki na Ami, tena kilichotumika, cha mwaka 2021.

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Cha kwanza nilichokwenda kukiona kilikuwa kwa muuzaji mmoja wa magari yaliyotumika, simtaji. Kinang'aa, kimeoshwa hata matairi. Akaniambia betri ni kama mpya, kinakwenda kilomita 75 zilizoandikwa na kiwanda. Nilikuwa nimekwenda na jirani yetu wa ghorofa ya pili, fundi wa umeme, mtu wa Lubumbashi. Yeye hakukitazama hata rangi. Aliniambia, "Mama, motokari ni batri. Hivi vingine ni plastiki." Akaomba tukijaribu kikiwa kimejaa chaji, tukakizungusha kilomita 11 kwenye vilima vya karibu. Kimerudi kinaonyesha kimebakiwa na kilomita 29. Kisha akalala chini na tochi ya simu. Kipande cha plastiki cha mbele kilikuwa kimeshikwa na vifungo vya waya upande wa ndani, na nyuma yake chuma kimepinda. Muuzaji akasema hajui. Tukaondoka. Nilihuzunika, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kujiona ndani yake, lakini jirani huyo aliniokolea zaidi ya euro 4,000 kwa nusu saa.

Cha pili kilikuwa cha mama mmoja mwalimu, amestaafu, amekitumia kwenda sokoni. Kilomita 6,300 kwenye dashibodi. Risiti zote kwenye bahasha. Tulikizungusha vilevile, kilomita 11, kikarudi na 57. Nililipa euro 5,200.

Nieleze kilivyo, kwa mtu ambaye hajawahi kukiona karibu. Urefu wake ni mita 2.41, upana mita 1.39. Uzito hauzidi sana kilo 480 pamoja na betri. Mbele na nyuma hutofautishi ukikitazama haraka, kwa sababu vipande vingi vya mwili wake ni vilevile vimegeuzwa. Milango miwili ni mlango mmoja: kiwanda kinatengeneza aina moja, kikawekwa kushoto na kulia. Matokeo yake mlango wa dereva bawaba yake iko nyuma, unafunguka kuelekea nyuma, na wa abiria unafunguka kama wa gari lolote. Siku za mwanzo mkono wangu ulikuwa ukienda upande usiopo. Ndani, badala ya mpini wa kufungulia, kuna mkanda wa kitambaa unaouvuta. Vioo havishuki: nusu ya chini unaisukuma kwa kiwiko, inapanda juu na kushika.

Kiti cha dereva kinasogea. Cha abiria hakisogei, kimewekwa nyuma kidogo, na hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Mbele ya abiria kuna nafasi kubwa ya miguu, inaingia sanduku dogo la safari au kitembezi cha mzee kilichokunjwa. Sakafu iko chini, kiti kiko kwenye kimo cha kiti cha jikoni. Mzee wangu wa Château-Gombert, ambaye kwenye gari la mwanawe huingia kwa kushikwa na watu wawili, humu anageuka, anakaa, kisha anavuta miguu mmoja mmoja. Peke yake. Siku ya kwanza alinitazama akasema kwa Kifaransa chake cha zamani kwamba hajafanya hivyo kwa miaka 3. Tulikwenda duka la mikate mita 800 kutoka kwake, tukarudi. Hakutaka kushuka.

Gia ni vibonye vitatu chini upande wa kushoto wa kiti: mbele, katikati, nyuma. Breki ya mkono ni ya kuvuta. Ufunguo ni ufunguo wa kweli, unauingiza na kuuzungusha, hakuna rimoti. Kipasha joto kipo, kiyoyozi hakipo. Redio hakuna, simu yako inakaa kwenye kishikio katikati na ndiyo redio na ndiyo ramani. Mikoba ya hewa haina. Hilo nalisema wazi kwa sababu wengi hawaulizi: kigari hiki hakikujengwa wala kupimwa kwa kanuni za ajali zinazotumika kwa gari la kawaida. Daraja lote hili liko hivyo, na vichache tu huwa na mkoba wa hewa. Una mkanda, una breki, una mwendo mdogo. Mimi nimekubali hilo kwa barabara za mtaa, na sikubali kukipeleka kwenye barabara ya kutokea mjini ambako wenzangu wako kwenye 80, ingawa nyingine sheria inaniruhusu.

Betri ni kilowati-saa 5.5, imelala chini ya sakafu, na kuijaza kutoka chini kabisa ni kama saa 3 kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani, volti 230. Waya wake uko ndani ya gari lenyewe, umefichwa penye fremu ya mlango wa abiria, unauvuta kama unavyovuta waya wa pasi. Ni mfupi, kama mita 3. Urefu huo mdogo umempa taabu kila ninayemjua aliyenunua bila kuufikiria, na ndiyo sababu nawaambia watu: kabla ya gari, tafuta soketi.

Mimi naishi ghorofa ya nne, nyumba za kupangisha za umma. Kudondosha waya kutoka dirishani ni hatari na hakuna atakayekuruhusu. Nilikodi boksi la gereji chini ya jengo, lina taa, halina soketi. Sheria hapa inampa mpangaji mwenye sehemu yake ya kuegesha haki ya kuomba kuwekewa mahali pa kuchajia kwa gharama yake mwenyewe, na mwenye nyumba hawezi kukataa bila sababu nzito. Wanaiita haki ya soketi. Nilipoandika barua ya kwanza sikujibiwa. Ya pili niliituma kwa posta ya kusainiwa, nikataja haki hiyo kwa jina lake, nikaambatanisha makadirio ya fundi. Jibu lilikuja baada ya wiki 7. Fundi mwenye cheti alivuta laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme, na kifaa cha kukata umeme ukizidi, euro 240. Jirani yangu wa Lubumbashi angeifanya kwa hisani, ila bima ingeuliza karatasi, naye mwenyewe alinikataza. Tafadhali msitumie ekstensheni ya bei rahisi. Saa 3 za umeme mfululizo si sawa na kuchaji simu. Nimeshika moja ya rafiki yangu ikiwa bado imeviringishwa kwenye gurudumu lake, ilikuwa ya moto kama kikaango.

Sasa naingia gereji kinyumenyume, upande wa abiria uelekee ukutani, navuta waya, nachomeka, nasikia mlio mdogo wa kukubali. Hata baiskeli ya binti yangu imebaki humo humo, mbele ya gari.

Umeme wenyewe hauumizi. Wiki ya kazi yangu ni kilomita 140 hivi, na ukihesabu kinachopotea njiani kwenye kuchaji inakuja kilowati-saa 12 au 13. Kwa bei ninayolipa ni chini ya euro 3. Tiketi ya mwezi ya basi nimeiacha. Bima ndiyo kubwa: euro 41 kwa mwezi, ya kulipa wengine na wizi. Bima ni lazima, kama gari lolote, hata kama leseni si lazima. Bima moja ilinikataa kwa kuwa sina historia ya kuendesha hapa. Nyingine iliuliza linalala wapi, na boksi la gereji likashusha bei. Kwa hiyo lile boksi limejilipa kidogo kwa njia hiyo pia.

Barabarani, kitu cha kwanza utakachojifunza ni kukaa katikati ya njia yako. Nilianza kwa kubana ukutani, kwa adabu, ili wengine wapite. Wakapita kweli, wakinikwaruza kioo. Mwenzangu mmoja anayeendesha kigari kama hiki tangu zamani aliniambia, "Usiombe radhi kwa kuwepo." Sasa nakaa katikati, na pakipatikana nafasi nawapisha. Kwenye barabara za mtaa zenye ukomo wa 50, kilomita 5 hizo pungufu hazionekani, na penye 30 tuko sawa wote. Kupanda Allauch kinapungua, hasa tukiwa wawili, na nyuma yangu foleni inajikusanya. Pepo za mistral zikivuma, kilo 480 ni nyepesi. Kwenye makutano yaliyo wazi unausikia usukani unavutwa, nashika kwa mikono miwili na kupunguza. Bajaji ya Tanga ilinifundisha hilo: kitu chepesi hakishindani na upepo wala na lori.

Januari, asubuhi yenye baridi, hata kikiwa kimejaa chaji kilishuka mpaka kilomita 44 au 45. Betri zote hufanya hivyo kwenye baridi, na kipasha joto nacho kinakula humo humo. Ndiyo maana nasema kama safari zako ni 60 kwa siku, usichukue betri hii, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Mimi nina akiba ya 8 siku mbaya kabisa ya Allauch, na nikiona shaka, mzee wa Plan-de-Cuques ana soketi barazani na ameniruhusu. Vioo hufanya ukungu tukiwa wawili ndani, chumba ni kidogo na pumzi ni zilezile. Nina kitambaa cha pamba kwenye mfuko wa mlango. Julai mambo ni kinyume: paa ni kioo, jua la Marseille linaingia lote. Kikiwa kimesimama nafunika kwa kanga kuukuu niliyoletewa kutoka nyumbani, nimeishonea vipande vya kunata pembe nne, inakaa chini ya kioo cha paa sawasawa. Nikirudi kiti hakichomi. Hiyo ndiyo nyongeza bora niliyoiweka.

Watu wananitazama, ndiyo. Hapa voiturette ilikuwa na sifa ya gari la mtu aliyenyang'anywa leseni kwa ulevi, kwa sababu mtu wa umri wangu aliyesimamishiwa leseni anaweza kuendelea na kigari hiki isipokuwa hakimu amemkataza. Sasa imekuwa pia gari la watoto wa shule wa mitaa yenye fedha. Mimi si mmoja wao. Nina fulana ya kazi na mkoba wa glavu. Yule mama wa miaka 91 sasa ananiona Jumapili saa moja na dakika 10, na mashuka yake hayajawahi kuwa na unyevu wa usiku mzima tangu mwezi wa pili wa mwaka jana.

Anayeniuliza nimpe ushauri, namuuliza kwanza maswali yangu matatu: siku yako ndefu ni kilomita ngapi, gari litalala wapi, na ni nani atakaa kando yako. Akiwa hana soketi, namwambia asubiri. Akiwa na mgonjwa wa kumbeba, namwambia akae yeye mwenyewe kwenye kiti cha abiria cha kila kigari, apande na kushuka mara tano, kabla hajagusa usukani. Akinunua kilichotumika, akizungushe kikiwa kimejaa, kwenye kilima, na aandike namba kabla na baada. Na aangalie tarehe ya kusajiliwa, kwani tangu Aprili 2024 vigari hivi navyo huingia ukaguzi wa lazima vikifika mwaka wa 5. Changu zamu yake imekaribia. Jirani ameshaahidi kulala tena chini na tochi yake wiki moja kabla.

Binti yangu ametimiza miaka 15 na anataka kufanya AM likizo ya Pasaka. Baba yake anasema bado, mimi nimesema afanye mafunzo kwanza, saa zote 8, ndipo tuzungumze. Tumeshakubaliana mambo mawili: haendi nacho usiku, na siku ya mistral ufunguo unabaki kwenye msumari wa jikoni. La tatu, kama atamchukua rafiki yake, bado tunabishana.